Oili ya Giaboksi Hubadilishwa Lini? Suala la Istilahi

Miongoni mwa sentensi zinazoonekana nyepesi kuliko zote katika vitabu vya matunzo ya magari ni ile inayomwagiza mwenye gari abadilishe oili ya giaboksi kila baada ya kilomita kadhaa. Mfasiri aifikiapo huimaliza kwa dakika moja na kugeuza ukurasa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sentensi hiyo ina maneno manne au matano ambayo kila moja laweza kumpotosha msomaji, na kwamba upotofu huo hauishii kwenye karatasi. Giaboksi iliyotiwa oili isiyo yake huharibika, na aghalabu gharama ya kuweka nyingine humlemea mwenye gari, awe mtu binafsi au ofisi ya Serikali. Ama katika breki, kama tutakavyoeleza mbele, kinachohatarishwa ni roho za watu.

Tuanze na neno mafuta, maana ndilo linalomjia mtu kwanza. Katika Kiswahili mafuta ni ya nazi, ya taa, ya kupikia, ya kujipaka. Na tangu magari yaingie nchini ni petroli na dizeli pia. Mtu akisema "gari limeishiwa mafuta", hakuna anayefikiri habari za injini kukosa ulainisho. Sasa mwandishi wa waraka wa ofisi anapowaagiza madereva "waangalie mafuta kabla ya safari", amesema nini? Dereva mmoja ataangalia geji iliyo mbele yake, akiona sindano imepanda ataondoka. Mwingine atafungua boneti na kuchomoa kijiti. Wote wawili wametii waraka. Kwa sababu hiyo tunaona kwamba neno oili, ingawa ni la kukopa, limekwisha kupata haki yake ya uraia: linatenga kile kinacholainisha na kile kinachoungua. Wako wanaolichukia kwa kuwa si la asili. Lakini na petroli si la asili, wala injini, wala gari lenyewe halikuzaliwa pwani yetu.

Juu ya oili tunalo neno kilainishi, na wingi wake vilainishi, ambalo siku hizi huonekana katika maandishi rasmi ya Tanzania. Hili ni jina la jamii nzima: oili ni kilainishi, na grisi ni kilainishi. Ni neno zuri kwa sheria na kwa takwimu za biashara. Kwa fundi aliyelala chini ya gari halitoshi, kwa kuwa yeye hataki kujua jamii, anataka kujua ni kopo lipi.

Baada ya hapo ndipo tunapoifikia giaboksi yenyewe, na ndipo shida hasa inapoanza. Wakati ambapo magari mengi ya Serikali yalikuwa Land Rover zenye gia za mkono, neno moja lilitosha. Ndani ya giaboksi ya mkono mna magurudumu ya meno yanayosagana, na oili yake ina kazi mbili kubwa: kulainisha meno na beringi, na kuliondoa joto. Mtu akisema "oili ya gia" alieleweka, na fundi aliongeza "namba tisini" mazungumzo yakaisha.

Giaboksi ya otomatiki ni chombo cha tabia nyingine kabisa. Kati yake na injini hakuna klachi ya kukanyagwa kwa mguu. Mna pangaboi mbili zinazotazamana ndani ya chombo cha mviringo kilichojaa kiowevu: moja huzungushwa na injini, nayo hukisukuma kiowevu, na kiowevu hicho huizungusha ya pili. Yaani nguvu ya kulisogeza gari hupita ndani ya kimiminika. Kiowevu hichohicho hupelekwa kwa shinikizo katika njia nyembamba na vali ili kubana pleti za klachi zilizomo ndani na kuchagua gia. Hichohicho hubeba joto kwenda kupozwa, na hichohicho hulainisha. Tena kina kazi moja inayoonekana kinyume cha ulainishaji: ni lazima kiziruhusu pleti zishikane zinapobanwa, zisiteleze. Kiasi cha msuguano kati ya pleti hizo hutegemea viungo vilivyochanganywa na watengenezaji wake. Kukiita kitu cha namna hii kilainishi tu ni kutaja kazi yake moja na kuziacha nyingine.

Waingereza na Wamarekani hutofautisha vitu hivi viwili kwa maneno mawili, na mfasiri anayeandika "oili ya giaboksi" pote pote huifuta tofauti hiyo bila kujua. Je, Kiswahili kiseme nini? Katika orodha za istilahi za sayansi mna giligili na kiowevu. Giligili tunaliona halifai hapa, kwa kuwa katika fizikia hujumuisha hata gesi, na kwa masikio ya watu wengi ni neno la darasani. Kiowevu ni sahihi, ila ni pana mno: maji ya rejeta nayo ni kiowevu. Mafundi wa Tanzania hawakungoja orodha zetu. Wao husema haidroliki. Nchini Kenya mara nyingi utasikia herufi tatu, A-T-F, zikitamkwa kama zilivyoandikwa kwenye kopo.

Sisi tunaliunga mkono neno la mafundi, kwa sharti moja. Haidroliki lisisimame peke yake. Kuna haidroliki ya giaboksi na haidroliki ya usukani, na ingawa katika magari kadhaa ya zamani kopo moja lilitumika kwa vyote viwili, katika magari mengi ya leo sivyo. Tunashauri basi kwamba mwandishi aandike oili ya giaboksi kwa gia za mkono, na haidroliki ya giaboksi kwa gia za otomatiki, bila kuchoka kulikamilisha jina kila linapotokea. Mfasiri mzuri wa hadithi huepuka kurudia neno. Mfasiri wa kitabu cha ufundi sharti alirudie neno lilelile hata likachosha.

Sharti hilo tumeliweka kwa sababu ya breki. Kwa maana ya kisayansi, breki za gari nazo ni za haidroliki: mguu husukuma kimiminika, na kimiminika husukuma breki. Mfasiri aliyesoma fizikia atajiona ameandika vyema akiandika "haidroliki ya breki". Lakini kimiminika cha breki, kile chenye alama ya DOT 3 au DOT 4, hakitokani na mafuta ghafi yaliyosafishwa kama zilivyo oili nyingi. Ni cha asili nyingine ya kikemia, na mipira ya ndani ya breki imetengenezwa kuvumilia hicho tu. Ikitiwa haidroliki ya giaboksi katika kikopo cha breki, mipira huvimba na kulegea, na breki hunasa au hukataa kabisa. Neno "mafuta ya breki", linalosikika kila mahali, halina nafuu, maana linamwalika mtu kutia mafuta. Katika maandishi tungependa liandikwe kiowevu cha breki, na alama ya DOT iandikwe palepale kando yake. Hapa upana wa neno kiowevu hautudhuru, kwa sababu hakuna kopo dukani linaloitwa kiowevu. Msomaji atalazimika kuitafuta alama.

Namba nazo zina mtego wake. Mafundi husema oili namba arobaini kwa injini na namba tisini kwa gia, na msikilizaji hudhani kwamba ya pili ni nzito kuliko ya kwanza mara mbili na zaidi. Sivyo. Namba hizo zimetoka katika vipimo viwili tofauti vya chama kimoja cha wahandisi wa Marekani, SAE: kimoja cha oili za injini, kingine cha oili za gia. Mnato wa namba tisini ya gia, upimwapo katika joto la nyuzi 100 za Selsiasi, hukaribiana na mnato wa namba arobaini au hamsini ya injini. Kinachozitenga oili hizo mbili ni viungo kuliko uzito. Kwa hiyo mfasiri asiandike "oili nzito" pale ambapo kitabu kimetaja namba. Aiache namba na aongeze kuwa ni ya gia au ya injini. Hata kati ya oili za gia zenye namba moja kuna madaraja, GL-4 na GL-5, na si kila giaboksi ya mkono iliyotakiwa kutiwa GL-4 huvumilia GL-5, kwa kuwa viungo vyake vikali vyaweza kuzila sehemu za shaba nyeupe na shaba nyekundu, na utelezi wake huweza kuzuia gia kuingia vizuri.

Pengine msomaji atauliza mbona haidroliki ya giaboksi ni nyekundu. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kutangaza giaboksi yake ya otomatiki, Hydra-Matic, mwaka 1939, na mwaka 1949 ikatoa masharti ya kwanza ya kiowevu chake. Rangi ilitiwa kwa makusudi ili tone likionekana chini ya gari ijulikane limetoka kwenye giaboksi wala si kwenye injini. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 mafuta ya nyangumi yalikuwa miongoni mwa viungo vya haidroliki hizo. Uvuaji wa mnyama huyo ulipodhibitiwa, wanakemia walilazimika kubuni vingine. Rangi basi ni alama iliyotiwa kwa mkono wa binadamu, si dalili ya aina. Wekundu hupotea kwa matumizi, na haidroliki za aina mpya huweza kuwa za kijani, za buluu au za manjano. Maelezo yanayosema "tia oili nyekundu" ni maelezo mabaya hata kama fundi fulani amefanikiwa kwayo miaka kumi.

Kwamba jambo hili limekuwa kubwa katika Afrika Mashariki ni kwa sababu ya magari yaliyotumika yatokayo Japani. Mengi ni ya otomatiki, na kitabu kilichomo ndani ya droo, kama kimo, kimeandikwa kwa Kijapani. Mwenye gari hana cha kusoma, hutegemea kinywa cha fundi au cha muuza duka. Tena si kila lisilo na klachi ya mguu lina giaboksi ya namna moja. Toyota Vitz za mwanzo zilikuwa na otomatiki ya hatua nne. Katika toleo lililotoka mwaka 2005 nyingi zina giaboksi ya aina ya CVT, isiyo na hatua. Ndani yake mkanda wa chuma huzunguka kati ya puli mbili ambazo hupanuka na kusinyaa. Mkanda ule huishi kwa kushika. Ukiitia haidroliki ya otomatiki ya kawaida, mkanda huteleza, puli huchubuka, na mafundi husema giaboksi imekufa. Jina la gari ni lilelile, umbo karibu lilelile, na kopo si lilelile.

Hapa tunapenda kutoa kanuni moja kwa wafasiri ambayo hatuioni kuwa na mjadala. Jina la oili au haidroliki lililotajwa na mtengenezaji, kama T-IV, WS, NS-3 au TC, lisitafsiriwe, lisifupishwe, wala lisielezwe kwa maneno mengine. Aina ya giaboksi yaweza kupewa Kiswahili: gia za mkono, gia za otomatiki, na kwa CVT tungependekeza gia za mkanda, maana fundi akisikia neno mkanda atakumbuka kilichomo ndani. Jina la kopo libaki kama lilivyo.

Turudi sasa kwenye swali la lini. Vitabu hutofautiana, na hapana budi mwenye gari afuate cha gari lake. Lakini kwa magari mengi ya gia za otomatiki muda utajwao kwa matumizi ya kawaida ni kati ya kilomita 60,000 na 100,000, na kwa matumizi magumu takribani nusu ya hapo. Sentensi ya kitabu huja kwa namna hii: kilomita 40,000 au miezi 24. Kiunganishi "au" katika Kiswahili humpa msomaji hiari ya kuchagua, naye, kama binadamu mwingine yeyote, atachagua lililo mbali. Maana iliyokusudiwa ni kwamba kimojawapo kitakachotangulia ndicho kinachohesabika. Gari la mkurugenzi linaloshinda kwenye kivuli nalo lahitaji kubadilishwa, kwa kuwa kiowevu huchakaa hata kwa kukaa. Iandikwe hivyo waziwazi: "kilomita 40,000 au miezi 24, kimojawapo kitakachotangulia".

Na "matumizi magumu" ni yapi? Msomaji wa Dodoma au Nakuru atadhani ni mashindano ya magari au kusafiri jangwani. Kitabu chenyewe, ukikisoma hadi mwisho, hutaja vumbi, kuvuta trela, kubeba mzigo mzito, joto kali, safari fupi fupi, na kusimama na kuondoka katika msongamano. Hayo ndiyo maisha ya kila siku ya daladala, ya teksi na ya gari la wilaya. Kwa wasomaji wetu walio wengi, matumizi magumu ndiyo ya kawaida, na mfasiri anayeweka jedwali la "kawaida" juu kwa herufi nene na la "magumu" chini kwa herufi ndogo, kwa kuwa ndivyo lilivyo katika asili, ametafsiri maneno na kuiacha maana nyuma. Tunaona ni halali kabisa kuligeuza jedwali.

Neno linalotutia wasiwasi kuliko yote ni "maisha". Watengenezaji kadhaa huandika kwamba giaboksi zao zimetiwa haidroliki ya maisha, yaani haibadilishwi. Maisha ya nani? Ya mwenye gari? Ya gari? Ya giaboksi? Ikiwa ni ya giaboksi, sentensi haina maana, kwani giaboksi ikifa kwa haidroliki iliyochakaa, haidroliki itakuwa imetimiza ahadi yake. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo hutengeneza giaboksi za otomatiki kwa magari ya kampuni nyingi, yenyewe hushauri kiowevu kibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka minane. Ilhali baadhi ya wanaoyauza magari yenye giaboksi hizohizo huandika maisha. Gari linalofika kwetu likiwa na umri wa miaka kumi limekwisha kuyamaliza hayo "maisha" ya mwandishi wa kitabu. Mfasiri hana mamlaka ya kumsahihisha mtengenezaji, lakini anaweza kuandika "mtengenezaji hakuweka muda wa kubadilisha", badala ya "haibadilishwi kamwe". Hizo ni kauli mbili tofauti, na ya kwanza ndiyo ya kweli.

Limebaki neno kubadilisha. Kubadili gia ni kuihamisha gia wakati wa kuendesha. Kubadilisha giaboksi ni kuitoa yote na kuweka nyingine. Kubadilisha oili ya giaboksi ni kazi ya saa moja. Sentensi ikipungukiwa neno moja, karani wa ununuzi aweza kuagiza kitu cha mamilioni. Zaidi ya hayo, katika otomatiki nyingi mtu akifungua nati ya sampu na kumwaga, hutoka kama theluthi au nusu tu. Sehemu iliyobaki imo ndani ya kile chombo cha pangaboi na katika mabomba. Kwa hiyo tutenganishe: kuongeza, ni kujazia kilichopungua, kumwaga na kujaza, ni kuondoa kile kinachotoka kwa uzito wake, kubadilisha yote, ni kusukuma mpya kwa mashine hadi ya zamani iishe. Kuongeza si matengenezo. Haidroliki ya giaboksi haiungui kama oili ya injini, na ikipungua maana yake inavuja mahali, na mahali hapo patafutwe.

Iko imani kwamba haidroliki ikiisha kuwa nyeusi na kunuka kuungua isibadilishwe, maana giaboksi itakufa. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Pleti zilizochakaa huacha unga wake ndani ya kiowevu, na gari linalochelewa kushika gia au linaloteleza huwa tayari limeumia. Kumwaga hakulirudishii pleti zake, na lawama humwangukia aliyemwaga. Lakini imani hiyo haiwezi kuwa hoja ya kuchelewa kwa gari lisilo na dalili.

Kuhusu kupima, kijiti cha giaboksi ya Toyota nyingi zenye kijiti kina alama mbili za Kiingereza, moja ya baridi na moja ya moto, na ya kutegemewa ni ya moto: gari liwe limetembea, liwe mahali tambarare, injini iwe inanguruma, na mkono wa gia uwe umepitishwa katika nafasi zote na kurudishwa kwenye ya kuegesha. Anayeandika "pima giaboksi ikiwa imepoa", akifuata mazoea ya oili ya injini, atasababisha mtu ajaze kupita kiasi. Magari mengi ya karibuni hayana kijiti kabisa; kiwango hupimwa kwa kufungua nati ya kando katika joto lililotajwa, na hiyo ni kazi ya gereji.

Kwa wanaosimamia magari ya ofisi tunashauri kadi ya gari iwe na nafasi za tarehe, kilomita, aina ya gia, jina la kopo kama lilivyoandikwa, na lita. Nafasi ya lita igawanywe mara mbili, zilizotoka na zilizoingia, na ijazwe kwanza ile ya zilizotoka.